Valvu ya usalama kwenye hita ya maji: inapodondosha, isipodondosha, na kwa nini isizibwe

Chini ya hita nyingi za umeme zinazofungwa bafuni, pale bomba la maji baridi linapoingilia, kuna kipande cha shaba cha nusu inchi chenye mkono mdogo wa plastiki ubavuni na tundu dogo linaloangalia chini. Mafundi wengine wanakiita nonritani, wengine seftivalvu, na kila mmoja ana nusu ya ukweli kwa sababu ndani yake mna vitu viwili. Wenye nyumba wanakijua kwa jambo moja tu: kinadondosha maji. Basi fundi anaitwa, "hita inavuja", anakuja na tepu nyeupe na plagi ya kuzibia bomba, anaziba lile tundu, matone yanakoma, analipwa na kushukuriwa.

Hakuna kazi mbaya zaidi inayoweza kufanywa kwenye hita. Afadhali angeiacha ivuje.

Kilichomo ndani ya hicho kipande

Cha kwanza ni kizuizi cha maji kurudi nyuma, yaani nonritani yenyewe: kikombe kidogo cha plastiki kinachoshikiliwa na springi laini. Maji yanayoingia yanakisukuma na kupita. Yakitaka kurudi yalikotoka, kinajifunga. Bomba la baridi linaingia hita kwa chini, kwa hiyo tangi la juu likikauka, mtu akafungua koki ya chini huku ya maji ya moto nayo iko wazi, maji yote ya hita yanaweza kushuka na kwenda zake. Elementi, yaani chuma kinachopasha maji, inabaki hewani. Atakayewasha swichi baada ya hapo ataiunguza ndani ya muda mfupi sana. Kikombe hicho cha plastiki ndicho kinachozuia hasara hiyo.

Cha pili ndicho valvu ya usalama: mpira wa duara uliokandamizwa na springi ngumu juu ya tundu. Springi imepimwa kiwandani iachie presha ikifika kiwango kilichogongwa kwenye mwili wa shaba. Mara nyingi utasoma 0.8 MPa, ambayo ni bar 8 au psi 116; vyote vitatu ni vipimo vya presha. Zipo za 0.7 na za 0.6. Namba hiyo lazima isomwe pamoja na ile iliyo kwenye bati la hita: valvu isizidi presha ambayo tangi la hita limetengenezwa kuistahimili. Hita iliyoandikwa 0.6 MPa ikifungiwa valvu ya 0.8, tangi litakuwa limeshaanza kuumia valvu bado imelala.

Bar 8 ni kama kilo 8 kwa kila sentimita ya mraba. Kifuniko cha tangi la ndani chenye kipenyo cha sentimita 35 kina eneo la sentimita za mraba 960 na ushee, maana yake kinasukumwa kwa nguvu ya karibu tani 7.7. Tangi lisilo na kasoro linaweza kubeba mzigo huo. Tangi lililoliwa na kutu kwenye maungio ni habari nyingine.

Matone yanatoka wapi

Maji yakipashwa moto yanaongezeka ujazo. Kutoka digrii 20 hadi 70 yanaongezeka kwa takriban asilimia 2.1. Kwa hita ya lita 50 hiyo ni lita moja na tone kidogo. Kwa ya lita 80 ni lita 1.7; kwa ya lita 100 ni lita 2 na ushee. Maji hayabanwi kama hewa. Tangi likijaa pomoni na njia zote zikiwa zimefungwa, digrii chache tu za joto zinatosha kupandisha presha mpaka valvu iachie.

Lita hiyo moja lazima iende mahali. Nonritani haiiruhusu kurudi kwenye bomba la baridi, koki za maji ya moto zimefungwa, basi inatoka tone kwa tone kupitia valvu wakati hita inapasha. Hita ikikata, matone yanakoma. Hivyo ndivyo kifaa kilivyotengenezwa kifanye. Utaona pia kuwa mtu akianza kuoga kabla hita haijakata, halidondoki hata tone, kwa sababu maji yaliyoongezeka yametokea kwenye shawa. Na hita ambayo juu yake imebaki na hewa kidogo inaweza isidondoshe kwa siku kadhaa, hewa hiyo ikiwa inabanwa na kuachia, mpaka iishe kwa kutoka na maji ya moto.

Kwa hiyo valvu inayodondosha wakati wa kupasha haina ubaya. Ya kutiliwa shaka ni ile ambayo haijawahi kudondosha hata mara moja, kwenye nyumba ambayo maji hayana njia nyingine ya kwenda.

Nyumba inabadilika, hita imebaki ileile

Hapa ndipo penye kiini cha matatizo mengi ya nyumba zetu, na ndipo panaposahaulika.

Nyumba nyingi zinajengwa na tangi juu ya mnara au juu ya paa, maji yanashuka yenyewe. Tangi likiwa mita 3 juu ya shawa, presha ni bar 0.3 tu, kila mita ya kimo ni bar 0.1. Kwenye mpangilio huo, hita iliyofungwa bila nonritani na bila valvu hufanya kazi miaka mingi bila kisa. Maji yakiongezeka yanapanda polepole kurudi kwenye bomba la baridi, yanaelekea tangini, na tangi liko wazi juu. Presha ndani ya hita haipandi. Ndiyo maana mtu anakwambia kwa uhakika kabisa kwamba hita ya jirani yake haina kitu hicho na haijawahi kumsumbua.

Ni kweli haijamsumbua. Lakini usalama wake wote unategemea jambo moja: bomba kati ya hita na tangi libaki wazi, wakati wote. Sasa angalia yanayotokea baadaye. Presha ya shawa ni ndogo, wenyewe wananunua pampu ndogo yenye kidhibiti cha kujiwasha na kujizima. Kidhibiti hicho kina nonritani yake ndani. Kuanzia siku ile, njia ya kurudi tangini imefungwa na hakuna aliyegusa hita. Au wanaunganisha bafu moja kwa moja na bomba la mamlaka ya maji, na fundi anaweka nonritani baada ya mita ya maji. Au mtu anafunga geti valvu ya hita, yaani koki ya kufungia maji yanayoingia, kwa sababu anabadilisha koki ya sinki, anasahau kuifungua, na jioni hita inawashwa kama kawaida. Kila moja ya hizo inageuza mfumo wazi kuwa mfumo uliofungwa, na kuanzia hapo ile valvu ndiyo mlango pekee uliobaki.

Mtu anayekuja kufunga pampu angepaswa kwanza kwenda bafuni kutazama chini ya hita. Wachache wanafanya hivyo.

Ukiwa na pampu, soma bati lake. Tafuta maandishi ya H max, yaani kimo cha juu kabisa ambacho pampu inaweza kusukuma maji, yanatolewa kwa mita. Gawanya kwa 10 upate bar. Pampu ndogo ya nusu hosipawa yenye H max ya mita 40 haitapita bar 4 hata koki zote zikifungwa, na kwa valvu ya bar 8 hapo hakuna tatizo. Pampu yenye H max ya mita 70 inaweza kufikisha bar 7, na tayari iko jirani mno na kiwango cha valvu. Hita ikianza tu kupasha, valvu itaachia, na itadondosha mfululizo. Ongeza na kimo cha tangi kama pampu inavuta kutoka tangi lililo juu.

Njia ya uhakika zaidi ni kupima. Geji ya maji ya bar 0 hadi 10 yenye uzi wa nusu inchi ni rahisi, inafungwa mahali pa koki yoyote. Pima koki zote zikiwa zimefungwa, na upime usiku pia kama unatumia maji ya mamlaka, kwa kuwa presha ya bomba la mtaa hupanda watu wakishalala. Ukikuta zaidi ya bar 5 au 6, weka kipunguza presha kwenye bomba kuu, mbali na hita, ukiseti bar 3. Kitakusaidia hata na mipira ya choo na mashine ya kufulia.

Wasiopenda kuona matone kabisa wana suluhisho halali, nalo si plagi. Ni tangi dogo la kupokea maji yanayoongezeka, lenye utando wa mpira ndani na hewa upande mmoja. Linafungwa kwenye bomba la baridi kati ya valvu na hita, bila koki katikati. Kwa hita ya lita 80 kwenye presha ya bar 3, tangi la lita 5 linatosha. Kabla ya kulifunga, jaza hewa yake kwa pampu ya baiskeli mpaka ilingane na presha ya maji ya nyumba, tangi likiwa tupu. Likishafungwa na maji yakaingia, kipimo cha hewa hakikuambii kitu tena.

Kusoma dalili

Inadondosha hita ikiwa inapasha, inakoma ikikata: salama. Weka mpira wa kupeleka maji kwenye bomba la maji machafu, basi.

Inadondosha muda wote, hata hita imezimwa tangu jana na imepoa: hapa kuna mambo mawili, ama uchafu umekaa chini ya mpira wa valvu, ama presha ya maji yanayoingia iko juu. Funga geti valvu inayoleta maji kwenye hita, kisha fungua koki ya maji ya moto kidogo na kuifunga, ili presha ya ndani ishuke. Matone yakikoma, na yakarudi mara tu unapofungua geti valvu, pima presha. Presha ikiwa chini ya bar 5 na bado inadondosha, valvu ina uchafu au mpira wake umekwisha.

Inatoa maji mengi kwa mkupuo, kisha inakaa kimya, kisha inarudia: mara nyingi pampu ndiyo inayopiga presha ya ghafla inapowaka au koki inapofungwa kwa nguvu. Sikiliza kama mabomba yanagonga.

Haidondoshi kamwe: fuatilia bomba. Ikiwa nonritani haipo au imekwama wazi, maji yanarudi yalikotoka. Dalili yake ni bomba la baridi kuwa vuguvugu karibu na hita, au koki ya maji baridi kutoa maji ya moto kwa sekunde kadhaa asubuhi. Ikiwa nonritani ni nzima, bomba la baridi ni baridi, hakuna tangi la kupokea maji yanayoongezeka, na bado hakuna tone, basi valvu huenda imeganda. Ijaribu leo.

Inatoa mvuke au maji yanayochemka: hiyo ni dharura, nitaifikia.

Kuijaribu

Ule mkono mdogo haukuwekwa kwa urembo. Unanyanyua mpira kutoka kwenye kiti chake, yaani ukingo wa tundu unaoukalia, kwa nguvu ya mkono, bila kungoja presha. Kila mwezi mmoja au miwili inatosha. Maji yakiwa magumu, kila mwezi.

Zima hita kwenye breka yake na uiache ipoe, au uijaribu asubuhi kabla ya kuwasha. Weka ndoo chini ya tundu. Valvu nyingi zina skrubu ndogo inayoushikilia mkono, itoe. Nyanyua mkono mpaka mwisho kwa sekunde tatu au nne. Maji yanatakiwa kutoka kwa mkondo wa kueleweka, yakiwa na kasi. Achia mkono urudi wenyewe kwa ghafla, usiuteremshe taratibu, kwa sababu mkupuo wa mwisho ndio unaosafisha kiti. Subiri dakika tano. Likibaki tone linalotoka, rudia mara mbili tatu. Lisipokoma, valvu inabadilishwa.

Mkono ukinyanyuka lakini maji hayatoki, tundu limezibwa ndani. Mkono ukiwa mgumu haunyanyuki, usitumie koleo. Utavunja plastiki na utabaki palepale. Zote mbili ni za kubadilisha, na hita isiwashwe mpaka ibadilishwe.

Kama valvu ina miaka mitano na haijawahi kuguswa, nunua mpya kabla ya kuijaribu. Ya zamani ikinyanyuliwa kwa mara ya kwanza mara nyingi haikai tena vizuri, na hutaki kugundua hilo Jumapili jioni duka limefungwa.

Kinachoziganda ni chokaa. Maji ya visima vya Unguja na ya ukanda wa pwani uliokaa juu ya mwamba wa matumbawe yana chokaa nyingi, na visima vya bara kama vya Dodoma navyo vina maji magumu. Ukiipasua valvu iliyokaa miaka kwenye maji hayo utaona ukoko mweupe umezunguka springi na kujaza nafasi kati ya mizunguko yake, kiasi kwamba springi haina pa kujibania. Mpira nao umekauka, na katikati yake kuna mfereji wa duara uliochongwa na ukingo wa shaba. Mpira wa hivyo ukinyanyuka hauwezi kurudi kwenye mfereji uleule kwa usahihi, ndiyo maana unavuja. Usihangaike kuulowesha kwenye siki wala kugeuza mpira upande wa pili. Springi iliyokwisha kupimwa kiwandani haipimwi tena barazani, na valvu mpya ni bei ndogo sana ukilinganisha na elementi, sembuse hita.

Chokaa inaongezeka joto linapoongezeka, kwa hiyo anayetumia maji ya kisima apunguze themostati, yaani kidhibiti joto cha hita, hadi digrii 60. Maji ya kuoga yanachanganywa na baridi hata hivyo, na maji yanayodondoka yanapungua pia: kutoka digrii 20 hadi 60 ongezeko ni asilimia 1.5, wakati hadi 75 ni asilimia 2.4.

Kuibadilisha

Unahitaji valvu yenye namba sahihi, tepu ya teflon, spana mbili, ndoo na mpira wa maji. Dukani tazama mambo matatu: kiwango cha presha kimegongwa kwenye shaba yenyewe, si kwenye boksi tu, kuna mshale wa mwelekeo wa maji, na kuna mkono wa kujaribia. Kipande kisicho na tundu la pembeni ni nonritani tupu. Inafanana sana na valvu, inauzwa rafu moja, na ni bei ndogo zaidi. Ukiifunga hiyo peke yake umefunga mlango na hukuacha dirisha.

Zima breka ya hita na uhakikishe kwa tesa kwamba umeme haupo. Swichi ya ukutani peke yake isikuridhishe, kuna nyumba ambazo swichi inakata nyutro (waya wa kurudi) badala ya laini (waya unaoleta umeme). Funga geti valvu ya maji baridi. Fungua koki ya maji ya moto iliyo karibu, uiache wazi ili hewa iingie. Chomeka mpira kwenye tundu la valvu, nyanyua mkono, maji ya hita yatashuka kupitia hapo. Hita ya lita 50 inachukua muda kumalizika kwa sababu tundu ni dogo, usiwe na haraka. Kama valvu imeganda na haiwezi kutoa maji, utalegeza nati kidogo kidogo na kuyapokea kwa ndoo, maji yakiwa yamepoa kabisa.

Shika bomba la hita kwa spana moja na fungua valvu kwa nyingine. Usipolishika, unazungusha bomba ndani ya tangi na kuharibu uchomeleaji wake, na tangi lililochanika pale halitengenezeki. Safisha uzi kwa brashi ya waya. Zungusha tepu mara 10 hivi kufuata mwelekeo wa kukaza, ukianzia uzi wa pili ili kipande kisiingie ndani na kukaa juu ya kikombe cha nonritani. Mshale uelekee kwenye hita. Tundu liangalie chini. Kama mabomba ni ya PPR, yale ya plastiki yanayounganishwa kwa joto, chomelea viungo vyake kwanza kando, viache vipoe, ndipo ukaze valvu. Joto la mashine ya kuchomelea likifika kwenye valvu linaharibu mpira na plastiki za ndani.

Geti valvu inakaa kabla ya valvu ya usalama, upande maji yanakotoka. Kati ya valvu ya usalama na hita hapawekwi koki ya aina yoyote. Mtu akiifunga hiyo koki, hita imetengwa na ulinzi wake, na kutoka nje huwezi kujua.

Kabla ya kuwasha, jaza. Fungua maji baridi, acha koki ya moto wazi mpaka maji yatoke yakiwa yametulia, bila kukohoa hewa. Funga koki, kagua maungio kwa karatasi kavu ya chooni, inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Ndipo uwashe breka.

Bomba la kupeleka matone lishuke muda wote bila kupanda popote, lisiwe na koki, mwisho wake usizame kwenye maji na uwe mahali unapoonekana. Ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga unafaa kwa matone ya kawaida. Lakini siku valvu ikitoa maji yanayochemka, mpira huo unalainika na kuchomoka, kwa hiyo kama hita iko juu ya mahali watu wanaposimama, tumia bomba la shaba. Mwisho wake usiwe kwenye usawa wa uso wa mtoto.

Joto likikosa breki

Valvu ya bar 8 iliyo kwenye bomba la baridi inasikia presha tu. Joto haijui, imekaa chini, kwenye maji baridi. Kinachozuia joto ni themostati, na ndani yake au kando yake kuna kikata umeme cha pili kinachojizima joto likipita kiwango, kawaida karibu digrii 85 hadi 90, na kinarudishwa kwa kubonyeza kitufe kidogo chini ya kifuniko. Kikata hicho kikijizima mara kwa mara, kuna sababu. Fundi anayeunganisha waya moja kwa moja ili "kisisumbue" ameondoa kinga ya kwanza, na kama tundu la valvu limezibwa, hakuna ya pili.

Mahesabu yake si marefu. Kwa elementi ya wati 1,500 iliyokwama ikiwa inawaka, maji ya lita 50 yanatoka digrii 70 hadi 100 kwa saa moja na dakika kama kumi. Kwenye tangi lililofungwa hayachemki hapo. Kwa presha ya bar 8 maji yanangoja mpaka digrii 175 hivi, na hapo panafikiwa kwa takriban saa nne tangu digrii 70, yaani kati ya mtu kutoka kwenda kazini na chakula cha mchana. Tangi likipasuka wakati huo, presha inaanguka ghafla na karibu asilimia 14 ya maji yanageuka mvuke papo hapo. Mvuke huo unachukua nafasi ya mita za ujazo 10, sawa na bafu zima la mita 2 kwa 2 lenye dari ya mita 2.5.

Kwa hiyo ukikuta mvuke au maji yanayochemka yakitoka kwenye valvu, au koki ya moto inatema mvuke, nenda kwenye meni swichi uzime umeme wa nyumba. Usiingie bafuni kuzima pale. Usifunge maji, usinyanyue mkono wa valvu, usifungue koki ili "kupunguza". Toa watu, acha ipoe saa nyingi, kisha fundi umeme abadilishe themostati pamoja na kikata chake, na valvu ibadilishwe siku hiyohiyo.

Marekani wanatumia valvu tofauti inayosikia vyote viwili: inaachia kwa psi 150 au kwa joto la digrii 99, ipi itakayotangulia, na ina mkia mrefu unaozama kwenye maji ya juu ya tangi, mahali penye joto kali. Ukiwa huko, au umeletewa hita ya huko, usitafute valvu kwenye bomba la baridi. Iko juu ya tangi au ubavuni karibu na juu, na bomba lake la kushusha maji ni la robo tatu inchi. Kuitoa na kuweka yetu ya bar 8 ni kuiondolea kinga ya joto.

Shawa za umeme za papo hapo hazina tangi wala valvu, kwa sababu mdomo wake uko wazi muda wote. Zenyewe zina sharti moja: usiweke koki baada yake.

Za jua zina tabia zake. Zile za mirija ya kioo zenye tangi lisilo la presha zina bomba la kupumulia juu. Likizibwa kwa kitambaa ili wadudu wasiingie, tangi linavimba mchana na kujikunja usiku linapopoa. Weka chujio la wavu, hewa ipite. Zile za presha zinahitaji valvu ya joto na presha kama ya Wamarekani, kwa sababu jua halina swichi na halina themostati. Familia ikisafiri wiki mbili wakati wa kiangazi, hakuna anayetumia maji, joto linapanda kila mchana na valvu inamwaga maji ya moto juu ya paa. Hiyo ni kazi yake, ila maji yanapotea na chokaa inaingia kwenye kiti. Kabla ya kusafiri, panda jioni ufunike mirija kwa turubai lisilopitisha mwanga na ulifunge kamba vizuri, na ukirudi lifunue asubuhi mapema au jioni, kamwe si saa sita mchana: mirija ikiwa imekauka na kupata moto, maji baridi yakiingia inapasuka.